Kurasa Nilizomnyima Baba

Harufu ya ugoro ndiyo iliyonikamata. Nilikuwa sebuleni kwangu Al Twar, nimetoka kuoga baada ya kutwa nzima juu ya mapaa ya watu, nikawa nafungua mzigo ambao kijana mmoja wa kwetu alinibebea kutoka Tanzania. Juu kulikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ambavyo dada yangu Milembe hunitumia kila mwaka kana kwamba Dubai hakuna chakula. Chini ya michembe kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kipande cha shati la kaki. Kabla sijafungua, pua ilishajua. Ugoro wa baba, ule uliosagwa na magadi mengi, unaokwaruza koo hata kabla hujaunusa. Baba tulimzika mwaka jana. Ndani ya lile shati kulikuwa na kitabu kisicho na jalada, nami nikakaa chini kwenye zulia, mtu mzima na kitambi changu, taulo kiunoni.

Mnijue kwanza, maana sitaki mnidhanie mtu wa kulialia. Mimi ni mtu wa darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Nilikuja Dubai kubeba zege. Nililala chumba kimoja na wanaume kumi na wawili. Kisha nikawa naingia ndani ya matangi ya maji ya watu kupitia tundu ambalo paka mnene angelikataa, nasugua matope kwa brashi huku dawa ya klorini inanichoma macho. Leo kampuni ni yangu. Vijana ishirini na sita wananiita arbab, yaani bosi. Ukinawa uso Mirdif au hapa Al Twar, huenda tangi la maji yako limesuguliwa na watu wangu, na uchafu hutauona. Baba nilimzika kwa jeneza ambalo tarafa nzima ililizungumza. Sikusoma, lakini waliosoma wananiomba kazi. Haya nimeyasema, khalas. Sasa niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Katika kijiji chetu cha Usukumani, mwanaume alipimwa kwa mistari ya shamba lake. Baba yangu, Ngasa, alishika plau ya maksai wanne peke yake, bila mtoto wa kuwaongoza mbele, na mstari wake ulinyooka kama kamba iliyovutwa. Hakupika, hakuchota maji, na hakubeba kitu kichwani. Hilo la kichwani alilishika kama dini. Gunia la pamba angelibeba begani mpaka ngozi ichubuke, lakini kichwa cha mwanaume, kwake yeye, kilikuwa cha kofia tu. Nakumbuka mwaka mmoja alikuwa na majipu mabega yote mawili, nasi tukawa tunatoka kusaga mtama. Mama akamwambia, "Baba Masanja, jitwike kichwani, nani anakuona huku porini?" Baba akamjibu, "Naona mwenyewe." Akalikumbatia gunia kifuani kama mtu anayecheza dansi na mwanamke mnene, akaenda nalo hivyo hadi nyumbani, unga ukimpaka kidevuni. Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Mimi nilimtazama nikasema moyoni: nitakuwa hivi.

Tulikuwa watoto watatu. Kaka yangu Masanja ndiye wa kwanza, kisha mimi Maduhu, kisha Milembe, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Masanja alikuwa na mikono ya baba na moyo wa mama. Alioa ng'ambo ya mto, binti anaitwa Kabula, mzee wake ana mabinti watupu. Mzee yule akapooza upande mmoja. Masanja akaenda kumlimia wiki moja. Wiki ikawa msimu. Msimu ulipokwisha, tukasikia amejenga nyumba huko huko, uani kwa wakwe zake.

Kwetu, mwanamke ndiye huhamia kwa mume. Mwanaume akihamia kwa wakwe, watu hawana haja ya kumtukana, wanauliza habari tu. Kilabuni walimngojea baba aketi vizuri, kibuyu kimfikie, ndipo mmoja aanze.

"Ngasa, bibi harusi wetu Masanja hajambo?"

"Hajambo, nasikia ameshazoea wakwe," mwingine akamjibia.

"Ng'ombe wa mahari umepokea wangapi, au bado wanakuahidi?"

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa nimetumwa kumwita. Baba aliweka kibuyu chini taratibu, akaondoka bila kuaga. Nyumbani akachukua kigoda cha Masanja, kile alichomchongea mwenyewe, akakipasua kwa shoka vipande vinne, akampa mama akapikie. Kisha akatoka uani, akasema kwa sauti ya kusikika kwa majirani kwamba mguu wake hautavuka mto mpaka yule aliyeolewa aje hapa kwa magoti. Mama aliviweka vile vipande vya kigoda chini ya kitanda. Alipikia kuni nyingine.

Miezi ikapita. Siku moja mama alirudi kutoka gulioni na kitu ameficha kwenye upande wa khanga. Alinivuta nyuma ya ghala, akanipa kitabu. Jalada halikuwepo, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa katani.

"Kimetoka kwa kaka yako," alisema. "Anasema umsomee baba. Usome mpaka mwisho."

"Baba atanipiga."

"Hutasema kimetoka wapi. Sema cha shule."

Nikamwambia baba kwamba mwalimu ametutaka tusome kwa sauti nyumbani, tuzoee. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba, jua la alasiri limelegea, anasokota kamba za kufungia maksai. Alikichukua kitabu, akakigeuza huku na huku kama anayenunua kuku. Hakujua kusoma hata jina lake. Akapitisha kidole gumba juu ya ule uzi wa katani, mara moja, mara mbili. Kisha akanirudishia.

"Haya. Soma."

Ilikuwa hadithi ya mtu mmoja wa kabila la Waigbo, kule Nigeria, anaitwa Okwudili. Mtu huyo alikuwa tajiri wa viazi vikuu. Hapo tu tulikaribia kukwama. Baba alisimamisha kamba.

"Anajivunia nini?"

"Viazi, baba."

"Mwanaume mzima?"

Kwetu viazi ni shamba la wanawake, na baba alidhani mwalimu anatuchezea. Nikasoma mbele haraka, nikamweleza kwamba hivyo ni viazi vingine, kimoja kina urefu wa mguu wa mtu, kwamba vinafungwa kwenye nguzo ghalani, safu kwa safu, na mwanaume huko hupewa cheo kwa wingi wa nguzo hizo. Baba akafikiri. Akaniuliza nguzo moja inakaa viazi vingapi. Akahesabu kwa vidole. Mwishowe akatoa hukumu: "Basi vihesabu kama ng'ombe. Endelea."

Tangu hapo Okwudili akawa mtu wa kwetu. Kila alasiri baba aliniita kwa sauti ambayo hakuwahi kuniita nayo kabla, "We Maduhu, mlete yule bwana." Akipenda kitu, mikono ilisimama kwenye kamba. Akichukia, alivuta ugoro akapiga chafya mbele ya ukurasa. Alipenda namna Okwudili alivyokataa kusaidiwa kuinua nyumba yake iliyoezuliwa na upepo. Alipenda namna alivyowanyamazisha wazee wenzake barazani. Siku moja majirani walipita, akawaambia, akinionyesha kwa kidevu, "Huyu ndiye dume langu. Anasoma mpaka Kinaijeria." Kitabu kilikuwa kimefasiriwa kwa Kiswahili, lakini sikumsahihisha. Wasomaji wangu, sijui kama mnaelewa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mtoto wa katikati, mwembamba, ninayeogopa fahali. Baba yangu hakuwahi kunisifu kwa lolote. Sasa nilikuwa dume. Ningemsomea hata majivu.

Halafu hadithi ikaanza kwenda mahali pabaya. Okwudili alikuwa na mtoto mkubwa wa kiume. Kijana huyo akakikataa cheo alichoandaliwa na baba yake, akahamia kijiji cha kina mama yake, akawa mfinyanzi. Na kule kwa Waigbo, ndivyo kitabu kilivyosema, kufinyanga ni kazi ya wanawake. Okwudili akaenda akavunja vyungu vyote vya mwanawe kwa rungu, akaapa mbele ya mizimu kwamba hatakanyaga tena pale mpaka kijana aje kwa magoti.

Nilipofika hapo sauti yangu ilipungua yenyewe. Nilijua naelekea wapi. Nilimtazama baba kwa jicho la pembeni. Mikono yake ilikuwa imesimama kwenye kamba, na ilibaki imesimama mpaka nilipofunga kitabu.

"Kesho," alisema. Akaanza tena kusokota.

Asubuhi yake nilikwenda kuchunga na kitabu ndani ya shati. Nikakaa juu ya jiwe, nikasoma hadi mwisho peke yangu, nijue kinachokuja. Na kilichokuja kilinitia hofu kuliko nyoka. Okwudili amezeeka. Imefika sikukuu ya viazi vipya. Amekaa na kiazi kikubwa kuliko vyote vya mwaka ule, na hana wa kula naye. Basi anasimama, anakiinua kile kiazi, anakiweka kichwani. Kichwani! Kama mwanamke, kama mtoto. Anapita nacho katikati ya soko saa sita mchana, watu wanacheka, wengine wanaona aibu wanatazama chini. Anafika kwa mwanawe, anamkuta mikono imejaa udongo, hawezi hata kumpokea mzigo. Okwudili anatua kiazi, anapiga magoti, anachota udongo, anaanza kuukanda pamoja naye. Machozi yanadondoka kwenye udongo. Kitabu kinaishia hapo.

Mimi nilimwonea aibu yule mzee. Nilimchukia. Nikaona nikimsomea baba jambo hili, atafikiri namtukana, mtoto wa kumzaa mwenyewe, nami nitarudi kuwa yule mwembamba anayeogopa fahali. Hilo ndilo nililoliona. Sikuona kitu kingine chochote.

Alasiri nikaketi mbele yake, nikafungua ukurasa wowote, nikatunga. Na nilitunga vizuri, msinidharau. Nikasema sikukuu ikafika, Okwudili akasimama langoni kwake, fimbo mkono wa kulia, na yule kijana akaja anatambaa kutoka kijiji cha wajomba mpaka magoti yakatoka damu. Okwudili akamtazama, akageuka, akampa mgongo, akaingia ndani. Ngoma zikapigwa. Wazee wakasema huyu ndiye mwanaume. Mwisho.

Nilingoja sifa.

Baba alikuwa anasokota. Hakusimama hata mara moja tangu nianze. Alimaliza kipande chake cha kamba, akakifunga fundo, akanyoosha mkono akachukua kitabu. Akakishika mahali kidole changu kilipokuwa, akazipima zile kurasa zilizobaki kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Hizi za nini?"

"Ni matangazo, baba. Ya vitabu vingine."

"Matangazo."

"Ndiyo, baba."

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi, maafisa wa uhamiaji, matajiri, wakaguzi wa serikali, na sijawahi tena kutazamwa vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyesimama mlangoni kwa watu anasikiliza kama kuna aliye ndani.

"Haya," alisema, akanirudishia.

Haikupita muda, mama yake Kabula akamtuma mtu. Masanja amejikata mguu kwa chuma cha plau akiwalimia wakwe, kidonda kimebadilika, homa haishuki, na anamwomba baba aje. Mjumbe alisema maneno hayo akiwa amesimama, hakuketi. Mama tayari alikuwa anajifunga khanga. Baba akasema, "Tangulia." Mama akaondoka na mjumbe na Milembe mgongoni. Nikabaki na baba, asubuhi nyeupe, kuku wanachakura.

"Lete kitabu," akasema.

Nikaleta.

"Pale mwisho. Nisomee tena."

Mnaona nilichopewa? Nilipewa mara ya pili. Watu wengi hawapewi. Nilifungua kurasa za kweli, macho yangu yakaiona ile mistari ya kiazi na soko na udongo, ilikuwa pale pale, ningeweza kuigusa. Na mdomo wangu ukasema uongo ule ule. Nikasema alisimama langoni, fimbo mkono wa kushoto.

"Juzi ulikuwa wa kulia."

"Wa kulia, baba. Nimekosea kusoma."

"Akaja kwa magoti."

"Ndiyo, baba."

"Na mzee hakwenda."

"Hakwenda, baba."

"Una hakika ndivyo kilivyoandikwa? Soma polepole. Mimi sina haraka."

Hakuwa na haraka! Mtoto wake anakufa ng'ambo ya mto, naye ananiambia hana haraka. Nilidhani ananitega. Nilidhani nikikiri sasa nitapigwa mara mbili, kwa uongo wa juzi na wa leo. Nikasema, "Ndivyo, baba."

Akavaa kofia yake, akachukua fimbo, akashuka njia ya mtoni bila kuniaga. Nilipanda juu ya kichuguu nikamwona. Alifika mtoni. Wanaume waliokuwa wananywesha ng'ombe walinyanyua vichwa, mmoja akasema kitu, wengine wakacheka. Sikusikia neno, kicheko tu ndicho kilichofika. Baba akasimama pale sana. Halafu akarudi. Alipopita mbele yangu, katambuga zake za tairi zilikuwa zimelowa, na suruali imelowa hadi magotini. Aliingia ndani. Kutwa ile hakutoka.

Masanja alikufa siku ya pili yake kwa pepopunda. Mama alituambia kwamba taya zilikuwa zimebana, hakuweza kusema, lakini kila mlango ulipolia aligeuza macho. Walimzika huko huko kwa wakwe zake, kwenye ardhi ya watu, na kwetu hilo ndilo neno la mwisho kabisa linaloweza kusemwa juu ya mwanaume. Baba alikwenda maziko. Safari hii hakuna aliyecheka. Alisimama nyuma, akatupa udongo wake, akarudi. Kilabuni hakwenda tena, na plau akaniachia mimi, niliyekuwa siwezi hata kukata nayo kona.

Kitabu kikapotea nyumbani. Nilidhani amekichoma, nikafurahi. Nilipomaliza shule niliondoka kwenda Mwanza, kisha Dar es Salaam, kisha huku. Nilituma bati, nilituma pampu, nilijenga nyumba ya matofali yenye vigae. Kila nilipopiga simu baba alisema, "Wewe ni dume," nami nilikuwa naikata simu upesi. Sikujua kwa nini.

Basi jioni ile ya mfuko wa michembe, nikiwa bado na taulo, nilifungua kile kitabu mwishoni. Kurasa za mwanzo zilikuwa na weupe wa kawaida wa karatasi iliyozeeka. Zile za mwisho, zile za matangazo, zilikuwa za kahawia kwa alama za vidole vya ugoro, zimelegea kama kitambaa. Nikampigia Milembe.

"Kitabu hiki alikiweka wapi?"

"Sandukuni kwake, kaka. Chini ya vile vipande vya kigoda."

"Nani alikuwa anakisoma?"

"Si ni mimi! Tangu nilipofika darasa la nne. Kila mwaka tukishavuna ananiita, 'Mama, nisomee pale mwisho tu, pale pa udongo.' Nimekisoma mpaka nikakishika kwa moyo. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Alisema wewe ndiye uliyemsomea kwanza. Lakini ulichoka, hukufika mwisho. Ulikuwa mdogo, akasema."

Nikazipapasa zile kurasa za kahawia. Milembe akadhani mtandao umekatika, akaendelea kusema halo, halo. Halafu akasema jambo jingine, kwa wepesi tu, kama mtu anayeongezea habari za mvua. "Na kile kitabu alikijua siku ile ile kimetoka kwa Masanja. Alikuwa anacheka. Anasema shule gani hushona vitabu kwa uzi uliosokotwa kushoto? Kijiji kizima ni yeye tu anayesokota kushoto, na Masanja, ambaye yeye ndiye alimfundisha."

Hapo ndipo nilipoelewa, miaka yote hii imepita. Kaka yangu aliandika barua kwa namna ambayo kiburi cha wote wawili kingeweza kuivumilia. Baba aliijua barua kwa kuigusa tu, akaketi kila alasiri, akingoja kusikia mwanawe anamwambia nini. Alitaka mtu mmoja tu amwonyeshe kwamba mwanaume mkubwa kama yeye aliwahi kubeba mzigo kichwani mbele ya soko. Mara mbili akaniomba. Na mimi, kwa kutaka kuitwa dume, nikamfungia mlango usoni, kisha akanifichia siri hiyo mpaka kaburini. Laiti angenipiga.

Mngetegemea niseme kwamba nilijifunza. Ngojeni.

Nina mtoto mmoja wa kiume, Yohana. Nilimlipia chuo. Alioa binti wa Kikenya ambaye ni nesi. Mwaka juzi kazi ya Yohana iliisha, mtoto akazaliwa, na mke akamwandika mumewe kwenye viza yake. Mke anakwenda kazini, Yohana anabaki na mtoto, anapika, anafua. Ofisini kwangu watu walilipata siku hiyo hiyo. "Arbab, tumesikia Yohana amepata kafeel mpya wa kumdhamini viza! Anamlisha vizuri?" Nilicheka nao. Nikampigia simu nikamwambia umeolewa, usikanyage kwangu mpaka uwe mwanaume. Nilisema neno lile lile la baba, na sikulisikia. Mjukuu wangu ameshaanza kutembea, nimeambiwa. Wanaishi Al Muraqqabat, mwendo wa robo saa kutoka kwangu.

Wiki iliyopita tulipata kazi ya matangi ya jengo moja Al Muraqqabat. Anwani niliiona kwenye karatasi, nikaijua. Ningeweza kumtuma msimamizi wangu Otieno peke yake. Nikaenda. Nilikuwa nimekibeba kitabu kwenye kiti cha pembeni, kimefungwa na shati lile lile. Vijana wakapanda juu na brashi zao, mimi nikabaki ndani ya gari, kiyoyozi kinavuma, natazama ule mlango wa kioo. Robo saa. Nusu saa. Otieno akashuka, suruali imelowa hadi magotini.

"Mzee, tumemaliza. Yule boy wako ametuletea chai huko juu, poa sana. Ana mtoto amembeba mgongoni na leso, kama mama wa sokoni." Akacheka kidogo, akaona uso wangu, akaacha. "Ameniuliza kama uko kwa gari. Nimwambie ashuke?"

Nikaitazama suruali yake iliyolowa. Nikakitazama kitabu.

"Mwambie gari limeletwa na dereva," nikasema.

Otieno akajipangusa mikono. "Sawa, mzee," akasema, akarudi ndani kusema uongo wangu.

Baba yangu alizuiwa na mtoto mwongo wa miaka kumi na moja. Mimi sina mtoto wa kunidanganya. Kurasa zile nimezisoma mwenyewe, kwa macho yangu, mpaka mwisho. Kisha nikawasha gari.